MANENO YA KATIBU WA TAWI KWENYE MKUTANO WA WANACHAMA, KASULU

_Kwa mliokosa mkutano, niliyosema ni haya. Tafadhali msomee na jirani asiye na simu._



Kila mtaa una mtoto anayeona na kusikia vizuri, ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili, lakini akishika kitabu herufi zinamchanganya. Tunamwita mvivu. Anachapwa, anakariri darasa, mwisho anaacha shule. Mtoto huyo ana ugumu wa kujifunza, na anasaidika.

Kabanga Mazoezi imepokea kwa miaka mingi watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Ulemavu huo unaonekana. Huu wa leo hauonekani, ndiyo maana tunausahau.

Teknolojia inaweza kusaidia. Mkoani Tanga, kati ya 2017 na 2019, watoto karibu 2,700 wa vijiji 170 hivi walijifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili kwa vishikwambi vilivyochajiwa kwa sola. Programu mbili zilishinda. Moja, Kitkit School, ilitoka kwa kampuni iliyoanzishwa na wazazi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu. Mtoto akikosea, kishikwambi hakimcheki wala hakimchapi, kinarudia tu.

Mtaniuliza: fedha iko wapi? Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Hapo hainunuliwi mashine. Tuanze na tulivyo navyo:

*1. Vishikwambi vya Sensa ya 2022* viligawiwa kwa walimu. Tuwaombe wavitumie pia kwa watoto hawa: kukuza maandishi na kuwasomea kwa sauti.

*2. Simu janja ya mzazi.* Mwombe mwalimu akurekodie anaposoma somo. Jioni mtoto asikilize huku akifuata kitabuni kwa kidole. Kurekodi hakuli bando. Simu ibaki kwako. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa nayo shuleni.

*3. Wanachama mlio kwenye kamati za shule,* mwulizeni mwalimu mkuu: watoto hawa ni wangapi, na majina yao yamefika kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri? Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 10 kwa kila saa, na dakika 20 kwa Hisabati. Mtoto asiyetambuliwa mapema hapati hata dakika moja.

Ndugu zangu, kishikwambi hakichukui nafasi ya mwalimu, na simu haichukui nafasi ya mzazi. Ila vinampa mtoto nafasi ya kurudia bila aibu.

Jambo hili halina itikadi. Mtoto wa jirani aliye chama kingine naye mhesabuni. Mkutano ujao kila balozi alete idadi ya watoto wa eneo lake. Idadi tu, majina yabaki kwa wazazi na walimu.



*Katibu wa Tawi*