Shule kwa Mtoto Asiye na Namba

Maneno tuliyosema mbele ya wazazi na wafanyakazi, Kolwezi



Sisi makarani wa mgodi tunaandika namba za watu kila siku. Leo tunataka kusema juu ya watoto wasioandikwa mahali popote.

Babu zetu walijua kambi za Union Minière. Tangu miaka ya 1920 kampani ile iliwapa wafanyakazi nyumba, dispensari, na shule zilizofundishwa na wamisionari. Lakini shule ilikuwa ya mtoto ambaye baba yake ana namba ya kazi. Mwaka 1967 mali ile ilipita mikononi mwa taifa, baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi ya namba ikaendelea. Katika 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi. Baba alipopoteza namba, mtoto alipoteza benchi.

Sasa tutazame mitaa yetu. Kule Kasulo, tangu 2014, watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Mtoto asiyesoma hakai bure: anaokota mawe, anayaosha mtoni, anabeba mifuko. Jioni analeta franka chache, na mama hawezi kumkataza, maana chungu ni kitupu. Tusimtukane mama huyo.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya Serikali ni ya lazima na bila malipo. Mwaka 2019 jambo hilo lilianza kutendeka. Tulishangilia. Lakini kalasi zilijaa kupita kiasi, na walimu wengi wapya walikaa bila mshahara. Kwa hiyo wazazi wa mitaa walianzisha shule katika parseli zao: mabati, ubao, na mwalimu mwenye moyo. Tunawasifu sana. Lakini mwalimu huyo naye hana namba. Anakula kutoka mkono wa mzazi. Mzazi akikosa, mtoto anafukuzwa, naye anarudi kwenye mawe.

Tufanye nini, wandugu?

Kwanza, tuandike majina ya watoto wote wa mtaa, wanaosoma na wasiosoma. Kazi hiyo sisi makarani tutaifanya bila malipo.

Pili, wazazi wachague kamati, na hesabu ya feza isomwe mbele ya watu wote kila mwezi. Asiye na franka afanye kazi ya kufyatua matofali ya shule, mtoto wake asifukuzwe.

Tatu, tupeleke daftari hilo kwa Serikali, tudai shule yetu itambuliwe na mwalimu aingizwe katika orodha ya mshahara.

Nne, tuulize feza za madini. Sheria ya 2018 inatoa asilimia 15 ya redevansi ya migodi kwa mji au sekta yenye mgodi, na inalazimisha kampani kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Ngapi zimekuwa benchi na ubao? Kuuliza si uasi.

Sisi tulifika mezani pa ofisi kwa sababu baba zetu waliandikwa. Ni aibu kula peke yetu huku mtoto wa jirani anatutazama mkono.

Jumapili ijayo kila nyumba ilete majina. Daftari liko tayari.