Msamaha wa Rais ni wa Nani Kuutoa?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa kanisa)

 

Nimeombwa niseme juu ya msamaha ambao Rais huwapa wafungwa. Nitaanzia karibu. Kuna kikundi cha akina mama ninachokijua. Mweka hazina wao alikula pesa za mzunguko. Hakukana. Alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti usiku, akalia, akapiga magoti. Mwenyekiti ni mtu wa huruma, na tena hawa wawili wameolewa boma moja. Akamwambia, "Inuka, mama, tumekusamehe." Siku ya mkutano wanachama wakauliza: "Tumekusamehe" ni wewe na nani? Mjane mmoja alikuwa amengoja zamu yake mwaka mzima anunue ng'ombe wa maziwa. Zamu ilifika, pesa hakuna. Kikundi kilikaribia kuvunjika, na si kwa sababu ya wizi wenyewe. Ilikuwa ni ile "tu" ya "tumekusamehe".

Basi shikeni hiyo "tu". Ndiyo watu hubishania kila mara mlango wa jela unapofunguliwa kwa amri ya Rais.

Katika Katiba ya zamani Rais alikuwa na kamati ya kumshauri, lakini wajumbe aliwachagua yeye. Katiba tuliyoipitisha mwaka wa 2010, kifungu cha 133, inasema mambo mengine. Kwanza, lazima kuwe na ombi, na ombi hilo laweza kuletwa na mtu yeyote. Pili, Rais hufanya kulingana na ushauri wa Kamati. Katika Kamati hiyo yumo Mwanasheria Mkuu, yumo Waziri wa magereza, halafu kuna watu wengine wasiopungua watano ambao si maofisa wala watumishi wa serikali. Bunge lilitunga sheria ya kuongoza kazi hiyo mwaka wa 2011. Kwa hiyo mtu akikwambia ati Rais husamehe apendavyo, mwambie akasome tena.

Anaweza kufanya nini? Anaweza kumsamehe mfungwa kabisa au kwa masharti, kuahirisha adhabu, kuipunguza, au kuibadilisha iwe nyepesi zaidi. Hapo wengi huchanganyikiwa. Agosti 2009 Rais Kibaki aliwaondolea hukumu ya kifo wafungwa zaidi ya 4,000. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta alifanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747. Nakumbuka watu wakisema wauaji wote wanarudi kijijini. Hapana. Hukumu ya kifo iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha, wakabaki ndani. Na tangu 1987 hakuna aliyenyongwa Kenya. Walikuwa wakikaa miaka na miaka wakingoja kitanzi kisichokuja, na kungoja huko ni adhabu juu ya adhabu. Mimi nasema Marais wale walifanya vema.

Kijana mmoja pale nyuma ameniuliza kabla hatujaanza: mbona Amerika Rais anasamehe hata mtu ambaye hajashtakiwa? Ni kweli. Septemba 1974 Rais Gerald Ford alimsamehe Richard Nixon kabla ya kesi yoyote. Januari 2025, siku moja tu, Joe Biden akiondoka aliwasamehe ndugu zake ambao hawakuwa wameshtakiwa, na Donald Trump akiingia akasamehe watu wapatao 1,500 wa ghasia za bunge la kule za Januari 2021. Katiba yao haimlazimishi Rais kusikiliza kamati yoyote. Yetu husema msamaha ni wa mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Kwa hiyo mkisikia kesi ya mkubwa fulani imeondolewa kortini, huo si msamaha wa Rais. Hiyo ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye lazima korti imruhusu. Kama mnataka kulalamika, lalamikeni kwenye mlango unaofaa.

Sasa narudi kwa ile "tu". Katiba inasema Kamati inaweza kuzingatia maoni ya waliotendewa kosa. Inaweza! Haikusema ni lazima. Mimi neno hilo hunikera. Nyumba ikivunjwa na mzee akapigwa panga, angalau tunajua wa kuulizwa ni nani: mzee huyo, au mkewe na watoto kama hayuko tena. Lakini mtu aliyekula pesa za serikali alimkosea nani? Agosti 2025 Rais Ruto aliwasamehe wafungwa kadhaa, na mmoja wao alikuwa mkuu wa zamani wa taasisi ya serikali aliyefungwa kwa ufisadi. Wengine walisema ni mzee, aonewe huruma. Wengine walisema huruma hii huwafikia wakubwa haraka sana. Sitaki kumhukumu mzee wa watu mara ya pili. Nauliza tu: katika wizi wa mali ya umma, yule mjane aliyekosa ng'ombe ni nani? Ni sisi sote. Ni nani alikuja katika baraza lolote hapa kutuuliza?

Padre wetu atasema tumefundishwa kusamehe saba mara sabini. Amina. Lakini hata Zakayo alipookoka alisema atarudisha mara nne. Tena Rais haondoi kosa moyoni mwa aliyekosewa, anaondoa adhabu tu. Hayo ni mambo mawili, na kanisa lisiwasukume watu wayachanganye.

Kuna upande wa pili, na huu ndio kazi yenu. Nimesema ombi laweza kuletwa na mtu yeyote. Gerezani kuna watoto wa vijiji hivi ambao hawana wa kuwaandikia. Kuna mtu mgonjwa, kuna aliyefungwa akiwa kijana na sasa ana mvi na amejifunza useremala. Mkubwa ana wakili. Huyu ana nyinyi. Katibu wa kikundi anaweza kukaa na familia, akaandika jina, kosa, korti, mwaka wa hukumu, tabia yake huko ndani, na atakaa wapi akitoka. Na kabla hamjaandika, nendeni kwanza kwa aliyekosewa. Msiende usiku. Nendeni mchana, na wazee.

Nilipofika hapa katika kikundi kingine, mama mmoja ambaye mwanawe aliuawa alisimama akaniuliza, "Mwalimu, na nikisema bado sijasamehe, watamwacha ndani?" Nikamwambia, mama, Kamati haifungwi na neno lako, lakini ukiwaandikia watakuwa nalo mezani. Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Basi niandikie. Nitakwambia la kuandika nikifika nyumbani."