Wa Kila Siku Alipe ya Mwaka?

Mhudumu wa afya ya jamii anapobisha hodi kwenye chumba cha mabati mtaani Kibera, swali lake la kwanza huenda lisiwe nani anakohoa. Anatoa simu, anauliza: kuta ni za nini? Maji mnateka wapi? Mnapikia makaa au gesi? Choo ni chenu au cha ploti nzima?

Kutokana na majibu hayo, mtambo unakadiria uwezo wa familia na kutaja mchango wake kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. NHIF ilikuwapo tangu 1966.

Kwa mwenye payslip, hesabu ni nyepesi ingawa inauma. Asilimia 2.75 ya mshahara inakatwa kabla hajaiona. Aliye na mshahara wa shilingi 200,000 alikuwa akikatwa 1,700. Sasa ni 5,500. Amelalamika, na analipa.

Lakini zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wenye kazi wako kwenye sekta isiyo rasmi, na huko hakuna wa kuwakata. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila sheria inataka ya mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600. Mama mboga aliyefika sokoni alfajiri, akauza sukuma wiki hadi jioni, hana fungu liitwalo mwaka. Ana ya kodi, ya unga, na ya kurudi sokoni kesho. Akizitoa 3,600 leo, kesho meza iko tupu.

Kujiandikisha pekee hakumwachi mikono mitupu. Mtoto akipata malaria, zahanati humtibu bure, gharama ikibebwa na serikali. Mambo hubadilika mama huyo akihitaji kujifungua kwa upasuaji katika hospitali kubwa. Hapo karani hutazama kama mchango umelipwa. Ndiyo maana mamilioni ya waliojiandikisha, takwimu inayopendwa sana majukwaani, si kipimo cha waliokingwa.

Serikali yenyewe imeuona ugumu wa kulipa kwa mkupuo. Mwaka 2025 ilileta Lipa SHA Pole Pole, ili mchango ugawanywe kwa awamu ndogondogo. Jina zuri, na wazo si geni: Rwanda, ambako bima ya jamii ilianza kwa majaribio mwaka 1999, wanakijiji wengi hudunduliza mchango kupitia ibimina, vikundi vyao vya kuweka akiba, huku serikali ikiwalipia maskini kabisa.

Kibera haikosi vikundi. Kina mama wanakutana kila wiki, daftari limefunguliwa juu ya stuli, shilingi mia mia zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, na asiyeleta anaulizwa kulikoni. Daftari hilo tayari lina safu ya matanga na ya karo. Ya SHA bado haijachorwa.