Neno la Leo: Risiti

Wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana, sogeeni karibu na redio. Fungueni madaftari, shikeni kalamu. Mwalimu wa darasa na asimame ubaoni, maana leo tutaandika.

Leo tunajifunza neno moja tu, nalo ni risiti. Kila mmoja wenu amekwisha kulisikia. Mmelisikia dukani Mugumu, sokoni Sirari, mnadani, hospitali, na pale mnapolipa karo ya watoto. Lakini kusikia neno ni jambo moja, na kulijua ni jambo jingine. Tutatazama namna linavyoandikwa, lilikotoka, na maana yake. Mwisho tutaona jinsi maana hiyo inavyoweza kulinda mali yako.

KUANDIKA

Mwalimu, andika ubaoni: r, i, s, i, t, i. Tusome kwa silabi, sote pamoja: ri – si – ti. Tena: ri – si – ti. Risiti.

Neno hili lina herufi sita, na kila herufi inasikika. Angalieni herufi ya kwanza. Wengi wetu huku Mara sauti za r na l hutuchanganya. Basi kumbukeni: risiti huanza kwa r, lakini kulipa huandikwa kwa l. Andikeni sentensi hii: "Nimelipa, naomba risiti." Someni mlichoandika, kisha mpeane madaftari mkasahihishane.

Sasa tuone Waingereza wanavyoliandika, kwa kuwa tulilipata kwao. Mwalimu, andika: r, e, c, e, i, p, t. Hizo ni herufi saba. Lakini Mwingereza akilisoma, utasikia kama "risiit". Herufi p haisikiki kabisa! Imeandikwa, wala haisemwi. Kwa nini basi iko pale?

LILIKOTOKA

Zamani sana Warumi, watu wa lugha ya Kilatini, walikuwa na neno recepta, maana yake "kilichopokewa". Ndani yake mna neno jingine la kale lenye maana ya kushika au kuchukua. Neno hilo likapita kwa Wafaransa, na midomoni mwao ile p ikapotea. Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa likiwa halina p. Baadaye wasomi wao waliojua Kilatini wakairudisha p katika maandishi, ili asili ya neno ionekane. Kalamu ikatii, ulimi ukakataa. Ndiyo maana hata leo mtoto wa Kiingereza hujifunza kuandika herufi asiyoitamka.

Na maana yake pia ilitembea. Katika karne ya 14 Waingereza walilitumia kwa maelezo ya kutengeneza dawa: pokea hiki, changanya na kile. Alama ya Rx unayoiona kwenye cheti cha dawa inatokana na neno la ukoo huohuo, lenye maana ya "pokea". Maana ya karatasi ya kushuhudia kwamba fedha au mali imepokewa ilianza kuenea kiasi cha mwaka 1600.

Sisi Waswahili tulipolichukua hatukujisumbua na p. Tuliandika tulichosikia, tukamalizia kwa irabu kama ilivyo desturi ya lugha yetu. Kwa hiyo mtu mzima anayejifunza kusoma Kiswahili ana bahati. Akijua silabi zake, hakuna herufi itakayomficha jambo.

Kiswahili kina neno jingine la maana hiyohiyo, nalo ni stakabadhi. Hilo asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa neno kabidhi, tunalolitumia katika kukabidhi na makabidhiano. Nalo katika Kiarabu shina lake ni kushika, kutia mkononi. Tazameni ajabu hii: risiti ilitoka kwa Warumi, stakabadhi ikatoka kwa Waarabu, na yote mawili yanasema jambo moja, kwamba kitu kimetiwa mkononi. Neno stakabadhi bado lina kazi. Tangu sheria ya mwaka 2005 tunasikia habari za mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mazao ghalani na kupewa hati ya kuonyesha kwamba yamepokewa.

MAANA NA FAIDA YAKE

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Ikiwa risiti ni habari ya kupokea, basi kila unaposhika risiti jiulize maswali mawili: Nani amepokea? Amepokea nini?

Aliyepokea ndiye anayeandika na kutia sahihi. Aliyetoa ndiye anayekaa na karatasi. Ukitoa fedha dukani, mwenye duka amepokea, akupe risiti. Ukitoa kahawa yako kwenye mizani, karani amepokea, akupe risiti. Na wewe ukitia sahihi au dole gumba, umesema mbele ya watu, "Mimi nimepokea."

Tuchukue mfano. Mkulima wa Tarime amepeleka kahawa kilo 84. Hajalipwa bado. Anapewa karatasi mbili. Ya kwanza inasema: "Nimepokea kahawa kilo 84." Hiyo ni ya karani kutia sahihi, na mkulima kwenda nayo nyumbani. Ya pili inasema: "Nimepokea fedha taslimu." Hiyo ni ya mkulima kutia sahihi, lakini mpaka lini? Mpaka fedha iwe mkononi na imehesabiwa! Asiyejua kusoma huziona karatasi hizo mbili kuwa sawa. Akitia dole gumba kwenye ile ya pili kabla ya kulipwa, ameshuhudia jambo ambalo halijatokea, na kesho hana neno la kusema.

Tazameni na tarakimu. Tuseme, kwa kufundishia tu, kilo moja ni shilingi 4,000. Kilo 84 ni shilingi 336,000. Sasa kalamu ikiteleza, 84 ikawa 48, fedha itakuwa shilingi 192,000. Mkulima amepoteza shilingi 144,000 kwa tarakimu mbili kubadilishana mahali. Kwa hiyo kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno: 84, themanini na nne. Tarakimu huteleza upesi, maneno hayatelezi upesi hivyo.

Nanyi mnaofanya biashara Sirari, pale mpakani na Kenya, kumbukeni kwamba pande zote mbili fedha huitwa shilingi, lakini thamani yake si moja. Risiti iseme wazi: shilingi ya Tanzania, au shilingi ya Kenya.

Dukani nako kuna mashine za kutoa risiti, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye mashine atoe risiti, na mnunuzi aidai. Usione haya kuidai. Ukiipata, soma tarehe, kitu ulichonunua na jumla ya fedha kabla hujaondoka. Maandishi ya karatasi hizo hufifia, hasa juani na penye joto. Kwa hiyo ukinunua kitu cha thamani, nakili maneno yake daftarini.

Kati ya mwaka 1968 na 1972, katika mikoa hii ya Ziwa, watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, katika mradi uliosaidiwa na UNESCO. Walisoma maneno ya kazi zao. Nasi tufuate njia hiyo.

KAZI YA DARASA

1. Andika neno risiti mara tano. Taja neno jingine lenye maana hiyohiyo.
2. Umeuza mbuzi mmoja, ukalipwa fedha zote. Nani atoe risiti, na iseme nini?
3. Andika risiti fupi yenye tarehe, jina la aliyetoa, kitu au fedha iliyopokewa kwa tarakimu na kwa maneno, na sahihi ya aliyepokea.
4. Leteni darasani risiti moja kutoka nyumbani. Someni pamoja, mkijibu: Nani amepokea? Amepokea nini?

Katika somo lijalo tutajifunza neno mkataba. Mpaka hapo, ndugu zangu, msitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi msiyoisoma. Kwaherini.