Sanduku Katikati ya Milima Miwili



Mashada ya maua yako tayari, vigelegele viko kooni na jua linapanda, kwa hiyo sitazunguka. Nimechagua kusema juu ya utakatifu wa Mungu na juu ya uchaguzi ambao Musa aliwawekea Waisraeli katika nchi ya Moabu, kati ya uzima na mauti. Ninyi wahitimu mmesomea theolojia. Mambo haya mawili mmeyafanyia mitihani, na pengine mmeyajibu katika karatasi mbili tofauti. Hoja yangu ni kwamba katika Maandiko ni jambo moja, na kila yalipotenganishwa watu wamekufa, mara nyingine kwa mamia.

Tuanze na neno lenyewe. Takatifu linatokana na kutakata, kuwa safi na kung'aa, na ndugu yake ni kutakasa. Ni neno zuri, lakini lina mtego, kwa sababu kitu kilichotakata huogopa doa. Ukimfikiri Mungu hivyo tu, unapata picha ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kutundikwa kabatini, ambayo watoto wameambiwa wasiisogelee. Neno la Kiebrania, kadoshi, linabeba zaidi wazo la kutengwa, kuwekwa kando kwa kazi maalumu. Hapo swali linabadilika. Hatuulizi tena kitu hiki kinaogopa uchafu gani, tunauliza kimetengwa kwa ajili ya nini. Jibu la Torati, nitajaribu kuonyesha, ni kwamba kimetengwa kwa ajili ya uzima.

Wahubiri tunaipenda sura ya 30 ya Kumbukumbu la Torati, pale Musa anapoziita mbingu na nchi ziwe mashahidi na kuwasihi watu wachague uzima, wao na uzao wao. Sura ya 27 tunairuka, na ndiyo inayotueleza uchaguzi huo una sura gani. Musa anaagiza kwamba wakishavuka Yordani, makabila 6 yasimame mlima Gerizimu kwa ajili ya baraka na 6 mlima Ebali kwa ajili ya laana. Milima hiyo ipo hadi leo, na mji wa Nablus umelala katika bonde lililo kati yake. Walawi wanasoma laana 12 kwa sauti kuu, na baada ya kila moja watu wote wanaitika amina. Sikilizeni nani anatajwa: anayeficha sanamu kwa siri, anayemdharau baba yake au mama yake, anayesogeza jiwe la mpaka wa jirani, anayempoteza kipofu njiani, anayepotosha haki ya mgeni, ya yatima na ya mjane, anayempiga mwenzake kwa siri, anayekula rushwa ili asiye na hatia auawe. Mengi ya hayo hayana shahidi. Jiwe la mpaka husogezwa usiku, na kipofu hawezi kumtambua aliyempoteza. Laana hizo zinafika pale ambapo baraza la kijiji haliwezi kufika.

Sasa fungueni Yoshua sura ya 8, agizo hilo linapotekelezwa. Nusu ya watu wanaelekea Gerizimu, nusu wanaelekea Ebali, na katikati yao, likiwa limebebwa na makuhani, lipo sanduku la agano. Wanawake wapo, watoto wapo, wageni waliokaa kati yao wapo. Kitu kitakatifu kuliko vyote katika Israeli hakikufichwa siku hiyo, wala hakikupelekwa juu ya mlima wa baraka kikae na washindi. Kilisimamishwa bondeni, kati ya uzima na mauti, ili anayechagua ajue anachagua mbele ya nani. Ndiyo maana sura ya 19 ya kitabu cha Walawi, inayoanza kwa kuwaambia watu wote wawe watakatifu kwa kuwa Mungu wao ni mtakatifu, haituongozi kwenye ubani na mavazi. Inatupeleka shambani, kwenye masazo ya mavuno aliyoachiwa maskini, kisha kwa kibarua ambaye ujira wake hauruhusiwi kulala kwa tajiri hadi asubuhi, na mwishoni sokoni, kwenye mizani na vipimo. Mkulima wa vitunguu au viazi aliyewahi kulazimishwa kuuza kwa lumbesa, gunia moja likashonewa kilemba hadi likabeba karibu gunia na nusu kwa bei ya moja, hahitaji mfasiri wa Kiebrania kumweleza sura hiyo.

Najua mwanafunzi makini atanyoosha mkono. Kama utakatifu ni kwa ajili ya uzima, Nadabu na Abihu je? Uza je? Ni pingamizi la haki, na wahubiri wengi hulikwepa. Tuliangalie kwa karibu, hasa leo, maana habari ya Nadabu na Abihu inatokea kwenye sherehe inayofanana na hii. Kuhani Haruni na wanawe, wakiwemo hao wawili, walikaa siku 7 mlangoni pa hema ya kukutania wakiwekwa wakfu. Siku ya 8 kazi ikaanza, moto ukatoka kwa Bwana ukaila sadaka, watu wakapiga kelele za furaha na kuanguka kifudifudi. Ndipo wale vijana wawili, mavazi mapya mwilini, wakachukua kila mmoja chetezo chake na kuingia na moto ambao hawakuagizwa, na moto wa Bwana ukawala, wakafa. Walitolewa nje ya kambi wamebebwa na jamaa zao, wakiwa ndani ya kanzu zao. Haruni akanyamaza. Kwa kuwa mara tu baada ya hapo makuhani wanakatazwa kunywa divai waingiapo hemani, wafasiri wengine wamehisi kwamba vijana wale walikuwa wamelewa. Andiko halisemi hivyo. Linalosema ni kwamba kuhani yuko pale ili atofautishe kitakatifu na cha kawaida na kuwafundisha watu tofauti hiyo. Aliyepewa kazi ya kulinda mlango akiingia apendavyo, hakuna mlango tena, na watakaoumia ni watu wote wanaomtegemea.

Uza ni mgumu zaidi, kwa sababu nia yake ilikuwa njema: penye uwanja wa kupuria ng'ombe waliolivuta sanduku walijikwaa, akanyoosha mkono lisianguke, akafa papo hapo. Daudi mwenyewe alikasirika, na Biblia haikuificha hasira hiyo, jambo linalonifanya niiamini zaidi. Lakini angalieni lilikotoka sanduku. Lilikuwa nyumbani kwa Abinadabu, baba yake Uza, kwa miaka mingi. Uza alilizoea kama mtu anavyozoea kabati la sebuleni. Kitabu cha Hesabu kilikuwa kimeagiza libebwe mabegani na Walawi wa ukoo wa Kohathi, kwa miti yake, na lisiguswe. Siku hiyo liliwekwa kwenye gari jipya la ng'ombe, namna ileile waliyoitumia Wafilisti kulirudisha. Mazoea yana taabu, wanasema wazee, na hapa taabu ilikuwa mauti. Hata hivyo habari haiishii kwenye uwanja ule wa kupuria. Sanduku lilelile likapelekwa nyumbani kwa Obed-edomu, likakaa miezi 3, na Bwana akambariki yeye na nyumba yake yote. Sanduku ni moja, Mungu ni mmoja, nyumba mbili zikapata mambo mawili. Siwezi kusema kwamba ninaelewa kila kitu kilichompata Uza. Ninachoweza kusema ni kwamba msimulizi hakutaka tuondoke pale bila kufika kwa Obed-edomu.

Kuna pingamizi la pili, na hili halitoki darasani. Tarehe 17 Machi 2000 huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililojiita harakati ya kurejesha Amri Kumi za Mungu. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Wengi walikuwa watoto. Mtu akisimama leo na kusema kwamba lugha ya utakatifu inaua, ana makaburi ya kutuonyesha, na sisi tunaovaa kola hatuna haki ya kumjibu kwa haraka.

Jibu langu ni kwamba Maandiko yalishakutana na dini ya namna hiyo na yakaitaja kwa jina. Walawi 20 inasema kuwa mtu anayemtoa mtoto wake kwa Moleki analinajisi jina takatifu la Mungu. Tazameni uzito wa maneno hayo: kinachoutia utakatifu doa ni kifo cha mtoto kinachofanywa kuwa ibada. Yeremia, akisimama juu ya bonde la mwana wa Hinomu, anasema kwa niaba ya Mungu kwamba jambo hilo hakuliagiza wala halikumwingia moyoni. Mkono wa Ibrahimu ulizuiwa kabla kisu hakijashuka juu ya mwanawe. Isaya 58 inaeleza mfungo ambao Mungu anautaka, na mfungo huo unaishia kwa mwenye njaa kupewa chakula. Ezekieli 18 inasema Mungu hafurahii kufa kwake mtu mwovu, sembuse mtoto wa Kilifi. Kwa hiyo kipimo mnacho, na hakihitaji shahada. Mkisikia mahubiri ya utakatifu ambayo mwisho wake ni mtoto kukosa uji, mama mjamzito kukatazwa kliniki, au mgonjwa wa kisukari kuambiwa atupe dawa kama ushahidi wa imani, mko mlima Ebali, hata kama kwaya inaimba vizuri namna gani. Kanisa linalolijua hilo na kunyamaza limeitika amina mahali pasipostahili.

La tatu nitalipitia upesi. Wapo watakaosema kwamba waadilifu hufa mapema na mafisadi wanajenga maghorofa, basi ahadi ya uzima ni hewa. Wapo pia, upande wa pili wa barabara, wanaouza uzima huo kwa chupa, maji ya upako bei hii na mafuta bei ile. Naona makundi haya mawili yamefanya kosa moja: wamegeuza agano kuwa hesabu. Rafiki zake Ayubu walikuwa na hesabu hiyo, waliihubiri kwa ufasaha sura baada ya sura, na mwishoni wao ndio walioambiwa kwamba hawakunena yaliyo sawa, hadi wakahitaji Ayubu awaombee. Musa aliyeuhubiri uchaguzi ule alifia ng'ambo ya Yordani. Uzima aliouzungumzia ulikuwa wa taifa zima kukaa katika nchi ambamo mipaka haisogezwi na mjane anapata haki. Mtu mwadilifu anaweza kufa akiutetea uzima huo, na wengi wamekufa hivyo.

Turudi sasa kwenye ile kanzu inayoogopa doa. Nabii Hagai aliwahi kuwauliza makuhani swali: mtu akibeba nyama takatifu katika upindo wa vazi lake, na upindo huo ukagusa mkate, mkate unakuwa mtakatifu? Wakajibu hapana. Na aliyenajisika kwa maiti akiugusa? Wakajibu ndiyo, utakuwa najisi. Hiyo ndiyo hali ya dunia tunayoijua, uchafu huambukiza na usafi hauambukizi, na juu ya hali hiyo Injili ya Marko inasimulia jambo la kushangaza. Wa kwanza kumwita Yesu Mtakatifu wa Mungu katika Marko ni pepo mchafu katika sinagogi la Kapernaumu, akiwa ameogopa kuangamizwa. Kisha Yesu anamgusa mwenye ukoma, na anayebadilika ni mwenye ukoma. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anagusa vazi lake kwa siri, na kinachosafiri kupitia nguo ile ni uponyaji. Kilichotakata hakikuogopa doa. Hapo ndipo neno letu la Kiswahili na lile la Kiebrania yanapokutana, na hapo ndipo kanzu inapotoka kabatini.

Wahitimu, kuanzia kesho mtashika vitu vitakatifu kila siku: kikombe, mkate, kitabu, mikono ya wanaokata roho wodini, siri za watu, na bahasha za sadaka. Mtavizoea. Hakuna mtaala unaoweza kuwazuia msivizoee, na sitawadanganya kwamba joho hili litawakinga, maana vijana wale wawili nao walikuwa wamevaa vizuri. Nina ombi moja tu. Mkifika katika vituo vyenu vya kazi, mkapokewa na wazee wa kanisa na kuonyeshwa madhabahu, msianze na hubiri la kwanza. Ombeni daftari la mahesabu, kisha nendeni getini mkamuulize mlinzi, kwa upole na faraghani, alilipwa mara ya mwisho lini.