Kuuza Sera Juu ya Paredi: Hotuba ya Mwanafunzi Anayeomba Kura Kwale



Mwanafunzi anayewania urais wa shule, awe Waa, Kwale High au Matuga Girls, hupewa dakika chache tu mbele ya paredi. Jina lake limekwisha kupigwa msasa na walimu: alama, nidhamu, uchelewaji. Kilichobaki ni kuuza sera, na hapo ndipo wengi hugeuka wabunge ghafla. Sauti inakuwa nzito, kidole kinapanda hewani, ahadi zinamiminika. Mkate utaongezwa, sinema kila Jumamosi, simu zitaruhusiwa. Paredi inalipuka kwa vifijo, ingawa kila anayeshangilia anajua fika kwamba simu hazitaruhusiwa.

Lawama si yao peke yao. Desemba 2020, baada ya kifo cha mbunge Suleiman Dori, Msambweni ilifanya uchaguzi mdogo ambao Feisal Bader, mgombea huru, alimshinda Omar Boga wa chama cha ODM. Vigogo wa kitaifa walimiminika Kusini mwa Pwani, na kinyang'anyiro kikageuzwa kipimo cha nani angeibeba Pwani mwaka 2022. Waliokuwa shule za msingi wakati huo, wakisikiliza vipaza sauti vya magari barabarani Ukunda, ndio leo wanaoshika kipaza sauti shuleni. Wamejifunza kwa waliowatangulia.

Zamani kiranja hakuhitaji hotuba. Aliteuliwa na mwalimu, basi. Baada ya migomo iliyozitikisa shule nyingi mwaka 2008, Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari Kenya liliundwa mwaka 2009, na polepole uteuzi ukaanza kuipisha kura. Vyuoni historia ni chungu zaidi. Titus Adungosi, mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa miaka kumi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akafia gerezani mwaka 1988. Wafula Buke, aliyechaguliwa kuongoza SONU mwaka 1987, naye alifungwa. Katika miaka hiyo, kusimama mbele ya wenzako na kusema kulikuwa hatari kubwa. Kizazi cha Babu Owino, naye kiongozi wa SONU, kilichokuja baadaye kiliimiliki sauti ya umati: kiongozi akiita "Comrades!", uwanja mzima unajibu "Power!"

Kisha wasikilizaji wakabadilishwa. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliwataka wanafunzi wa kila idara au kitivo wachague wajumbe watatu, wasio wagombea, na wajumbe hao ndio wapige kura ya kuchagua baraza. Wakosoaji walisema sheria hiyo ilimpokonya mwanafunzi wa kawaida kura yake, na hoja yao ina uzito. Lakini kwa mtu anayeandika hotuba, maana yake ilikuwa wazi. Umati wa uwanjani ulibaki kupiga makofi, kura ilikuwa kwa watu wachache chumbani, wenye muda wa kuuliza, "Kwa pesa gani?" Ajabu ni kwamba wagombea wengi waliingia chumba hicho na hotuba ileile ya uwanjani.

Mfano bora wa ushawishi katika kaunti hii haukutoka chuoni wala bungeni. Ulitoka kwa Wamakonde wa Msambweni. Wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na watoto wakazaliwa hapa bila uraia. Kijana asiye na kitambulisho hawezi kuomba mkopo wa elimu ya juu wa HELB, wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Oktoba 2016 mamia yao waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, wakampata Rais Uhuru Kenyatta Ikulu, naye akaagiza vitambulisho vitolewe kabla ya mwaka kwisha. Mwaka uliofuata walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Hawakwenda na orodha ya malalamiko arobaini. Walikuwa na ombi moja, wakalipeleka kwa mtu mwenye uwezo wa kulitimiza.

Hapo ndipo hotuba nyingi za wanafunzi huanguka. Mgombea wa chuo akiahidi kuharakisha pesa za HELB, anauza mali ya ofisi iliyoko Nairobi. Akiahidi kushusha nauli ya matatu ya Likoni na Ukunda, ni yaleyale. Basari za mpango wa Elimu ni Sasa hugawiwa na serikali ya kaunti, si na rais wa wanafunzi. Anachoweza kuahidi ni kukusanya majina ya waliokwama kabla muda wa kuomba haujaisha, na kuyafikisha ofisini mwenyewe. Ahadi hiyo haipigiwi vigelegele, ila mjumbe mwenye kaka aliyekosa karo ataisikia.

Jambo la mwisho linawahusu wasichana, ambao mara nyingi husukumwa kwenye unaibu ili orodha ikamilike. Sheria ya 2016 ilitaka mwenyekiti na naibu wake wawe wa jinsia tofauti, na wengi wakaielewa kwamba mwenyekiti ni mvulana. Lakini hapa Kwale, Fatuma Achani alikuwa naibu wa Gavana Salim Mvurya tangu 2013. Mwaka 2022 alisimama mwenyewe, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kaunti Pwani. Msichana aliyekuwa naibu kwa mwaka mzima ana kitu ambacho mpinzani mgeni hana: kumbukumbu za vikao. Na aje nazo mbele ya wapiga kura, asome tarehe, ombi lililopelekwa, na jibu la mkuu wa shule au chuo, likiwemo lile la kukataliwa.