Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

(Mazungumzo yaliyotolewa shuleni na mmoja wa wanafunzi wa zamani)



Tulipokuwa hapa, Mkoa wa Songwe haukuwapo. Ulizaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya. Shuleni hapakuwa na kompyuta hata moja. Leo mmenitaka nieleze niliyojifunza katika miaka yangu ya kutengeneza programu za kompyuta serikalini.

Wengi hudhani kazi hii ni ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Sivyo hata kidogo. Chukueni DHIS2, programu ambayo Wizara yetu ya Afya huitumia kukusanya takwimu za zahanati na hospitali. Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, ndicho kinachoiratibu, lakini wataalamu wa nchi nyingi wametia mkono, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maandishi yake ya ndani yako wazi, na mwenye ujuzi anaweza kuyasoma na kupendekeza marekebisho.

Somo langu kubwa, hata hivyo, nililipata kwa aibu. Wakati fulani niliongoza kikundi cha vijana watano tukitengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa. Tuliamua kwamba bila tarehe kamili ya kuzaliwa, programu isimpokee mtu. Tulipoipeleka zahanati, wauguzi walikutana na akina bibi wasiojua hata mwaka waliozaliwa. Wangefanyaje, na foleni imefika mlangoni? Waliandika tarehe 1 Januari kwa kila mmoja, na mwaka wa kubahatisha. Miezi ikapita, hesabu zetu za umri zikawa hazina maana.

Kijana mmoja katika kikundi alikuwa ameliona jambo hilo tangu mwanzo. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwa upole: "Mzee, siku ile nilipouliza swali ulinifokea mbele ya wenzangu." Ndugu zangu, kosa la programu lilikuwa letu sote, ukimya ule ulikuwa wangu.

Tangu hapo nilibadili mwendo. Kila asubuhi tunakutana kwa robo saa, na mdogo kwa cheo husema kwanza. Hakuna kazi inayotoka bila mwenzako kuikagua, hata kazi yangu mimi. Na kabla ya kuandika lolote, tunakaa siku nzima na muuguzi au karani atakayeitumia.

Tazameni mpaka wetu hapa. Zamani dereva wa lori alikaguliwa Tunduma, kisha Nakonde. Kituo cha pamoja kilipozinduliwa mwaka 2019, maofisa wa Tanzania na Zambia walianza kufanya kazi chini ya paa moja. Lakini paa haliwafanyi watu wasikilizane. Hilo hufanywa na watu wenyewe.

Wengi wenu sasa ni wakuu: wa idara, wa shule, wa maduka, wa nyumba. Nawaombeni kitu kimoja. Jumatatu mkifika kazini, mwiteni aliye mdogo kuliko wote, mmuulize ameona nini. Kisha nyamazeni mpaka amalize.